Hilo Jino ni la Nani?

Mama alikuwa ameinamia sufuria ya makande nilipoingia jikoni kwake, Maji ya Chai, Jumamosi moja ya mwezi Februari. Aliinua uso, akaitikia shikamoo yangu, akanitazama mdomoni nilipokuwa nikicheka, kisha akauliza swali ambalo mimi, daktari wangu wa meno na muuguzi wake hatukuwa tumeliuliza katika miadi minne: "Hilo jino ni la nani?"

Lilikuwa langu, kwa maana kwamba nilikuwa nimelilipia shilingi 480,000 na simenti iliyolishika ilikuwa imekwisha kukauka siku tisa kabla. Hata hivyo nilielewa alichokiuliza, kwa sababu tangu siku lilipobandikwa nilikuwa nikijitazama kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni na kumwona mtu anayefanana nami sana, isipokuwa mahali pamoja. Mama hakusema kwamba ni baya. Angesema ni baya, ningembishia.

Oktoba iliyotangulia nilikuwa nikishuka kwenye daladala katika stendi ya Kilombero, hapa Arusha, dereva akaondoa gari kabla mguu wangu wa pili haujagusa chini, nami nikajigonga mdomo kwenye bomba la mlangoni. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, likakatika mshazari. Kipande chake sikukitafuta; baadaye niliambiwa kwamba kipande kikiokotwa na kuhifadhiwa kisikauke, wakati mwingine huweza kugundishwa tena, lakini pale stendi mtu hafikirii hayo, anafikiria damu iliyoko kwenye blauzi. Kiini cha jino kilikuwa wazi, kwa hiyo daktari alianza na tiba ya mzizi, na tiba hiyo aliifanya vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii msikilizaji hutaka nimpe mtu mbaya wa kumchukia, na mtu huyo sina.

Jino lililopoteza nusu ya mwili wake haliwezi kuachwa hivyo, kwa hiyo nikashauriwa kuweka krauni. Wengine huiita kofia ya jino, na jina hilo lingetosha kabisa kama halingedanganya: kofia huvaliwa na kuvuliwa, na kichwa hakikatwi ili iingie. Krauni hudai jino lisagwe pande zote, milimita moja hapa, karibu mbili pale, mpaka kibaki kisiki, ndipo ganda livalishwe juu yake na kugandishwa kwa simenti. Kilichosagwa hakioti tena. Yangu ilikuwa ya porseleni iliyochomwa juu ya ganda jembamba la chuma, aina ya siku nyingi, imara, na ambayo bei yake niliimudu ingawa bima yangu haikuhusika.

Hapa sina budi kuyaeleza meno yetu, maana bila hayo malalamiko yangu hayaeleweki. Maji ya Chai imepata jina kutokana na rangi ya mto wake, ingawa floridi, madini yaliyoyatia meno yetu doa, yenyewe haina rangi wala ladha ya kumtahadharisha mtu; inatoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyukia katika maji tunayokunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, si kwa kutojali, bali kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine, na ndiyo maana pale jirani, Ngurdoto, kikawekwa kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, kinachojulikana kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Ongeza magadi, ambayo mama zetu hutia katika maharage ili yaive upesi, na ambayo nayo mara nyingi hubeba floridi. Mtoto anapokunywa na kula hayo wakati enameli, tabaka gumu la nje la meno ya ukubwani, inajengeka ndani ya taya, enameli hiyo hutoka na vinyweleo. Jino linaota likiwa na weupe wa chaki, kisha kadiri miaka inavyopita vile vinyweleo hunyonya rangi na kuwa kahawia. Meno yangu ya mbele yalikuwa yamekwisha kuamuliwa rangi kabla sijaanza darasa la kwanza.

Ninafundisha Kemia, na somo la halojeni, kundi la elementi lenye florini inayozaa floridi, huwa nalianza kwa kutabasamu ubaoni. Lakini sitajifanya kwamba nimekuwa jasiri siku zote. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, konda mmoja wa Ubungo alinitajia mkoa wangu kabla sijafungua pochi, abiria wakacheka, na kwa muhula mzima nikawa nacheka huku nimefunika mdomo kwa kiganja. Msichana yule wa kiganja ndiye aliyeketi kwenye kiti cha daktari Januari ile, na ndiye aliyejibu alipoulizwa rangi.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Jino lilikuwa limekwisha kusagwa, na mdomo wangu ulikuwa umeachwa wazi, pamba shavuni, kwa zaidi ya saa nzima. Daktari akatoa kipimo cha rangi, kile cha Vita kutoka Ujerumani chenye vijino 16 vilivyopangwa kama funguo, kutoka A1 hadi D4, akanisogezea pamoja na kioo kidogo, akasema, "Mwalimu, unataka jeupe kiasi gani?" Leo naweza kuyahesabu makosa yaliyokuwa katika dakika ile. Jino likikauka hung'aa na kuwa jeupe kuliko lilivyo, kwa hiyo rangi huchaguliwa mwanzoni, kabla ya kazi yoyote, meno yakiwa bado na mate. Taa ya kitini na bomba la mwanga la darini havionyeshi rangi ile ile ambayo dirisha huonyesha. Na zaidi ya yote, katika vijino vile 16 hapakuwa na hata kimoja chenye mistari ya chaki na doa la kahawia, kwa kuwa vimetengenezwa kufuata meno ambayo hayakukulia kwetu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lile neno "unataka". Niliulizwa ninachokitaka badala ya kuonyeshwa nilichonacho. Daktari hakuwa na nia mbaya. Katika mji huu wengi wanaoingia kwake wanakuja kutafuta weupe, na aliponiona mimi aliona mteja mwingine wa weupe. Nikatazama vijino, nikamkumbuka konda wa Ubungo, nikanyoosha kidole kwenye A1.

Siku ya kubandika nilichomwa ganzi kwa sababu ufizi ulikuwa na kidonda. Krauni ikavalishwa bila simenti, nikapewa kile kioo kidogo, nikaambiwa nitabasamu nione kama nimeridhika. Jaribu kutabasamu mdomo wa juu ukiwa na ganzi: upande mmoja unapanda, mwingine unaning'inia kama turubai lililokatika kamba. Sikuweza kuhisi kama jino linagusa mdomo wa chini, sikuweza kutamka neno zima, na muuguzi alikuwa amekwisha kuanza kukoroga simenti kwenye kigae. Nikaona jino jeupe. Nikasema, "Zuri." Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema bila gharama, kwa sababu krauni iliyokwisha kushikwa na simenti ya kudumu mara nyingi haivuliwi nzima, inakatwa, na mimi nafasi hiyo niliitumia kwa adabu. Niliona haya kumpotezea daktari muda.

Baada ya swali la mama nilianza kulichunguza lile jino jinsi ninavyochunguza jibu la mtihani ambalo matokeo yake ni sahihi na njia yake inatia shaka. Kwanza weupe. Chuma kilicho chini ya porseleni hufunikwa kwa tabaka zito lisilopitisha mwanga, na juani jino la kweli hupitisha mwanga kidogo kwenye ncha zake. Langu halikupitisha kitu, lilikuwa linaurudisha mwanga wote kama kigae cha bafu. Wanafunzi wa kidato cha pili walilimaliza neno hilo kabla yangu. Nilimsikia mmoja akinong'ona, "Madamu amewasha tochi," nami, nikiri, ilinibidi nigeukie ubao ili nisicheke.

Kisha yakaja mambo yasiyochekesha. Kwenye ukingo wa ufizi kulikuwa na mstari wa kijivu, ule wa chuma. Ufizi wenyewe ulivimba, ukawa mwekundu wa kuelekea zambarau, na kila nilipopiga mswaki niliacha damu kwenye sinki. Uzi wa meno uliingia kati ya jino hilo na jirani yake ukiwa mzima, ukatoka umechanika nyuzinyuzi. Na jino lilikuwa refu. Tofauti hiyo haikuonekana kwa macho, ilisikika. Herufi za F na V hutamkwa kwa ncha za meno ya juu kugusa mdomo wa chini, na krauni yangu ilikuwa ikifika pale kabla ya wenzake. Mwalimu wa Kemia asiyeweza kutamka "florini" bila kupuliza ana wiki ndefu.

Nilirudi. Mara ya kwanza nilikwenda na hasira, na hasira haina mpangilio. Nikasema jino ni jeupe mno, linaonekana bandia, mama hakulipenda. Daktari alinisikiliza kwa upole, akaniumanisha meno kwenye karatasi ya rangi, akasaga kidogo sehemu iliyokuwa ikigongana, akanipigapiga begani: "Utazoea, mwalimu." Na kuhusu weupe akanionyesha faili, ambamo kwa mwandiko wake palikuwa na A1 na kwa mwandiko wangu palikuwa na saini. Sikuwa na la kujibu.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilichukua daftari, nikagawa ukurasa kwa mstari katikati, upande mmoja nikaandika kila kitu nisichokipenda, na upande wa pili kila kitu kinachoweza kuonyeshwa au kupimwa na mtu asiyenijua. Weupe ukaenda kushoto, maana niliuomba mwenyewe. Uzi uliochanika, damu, mstari wa chuma na herufi ya F vikaenda kulia. Uzuri una mabishano. Uzi uliochanika hauna. Wiki mbili nzima nilihifadhi vipande vya uzi kwenye bahasha vikiwa na tarehe, kitendo ambacho mume wangu alikiona cha kichaa na ambacho bado ninakitetea.

Mara ya pili nilisoma upande wa kulia tu. Mazungumzo yalikuwa mengine kabisa. Daktari aliipitisha sindano yake yenye ncha iliyopinda kuzunguka ukingo wa krauni, mara tatu, akanyamaza, kisha akakiri kwamba ukingo umezidi na unashika uchafu. Alijitolea kuirudia bila malipo. Ningekubali pale pale, lakini akaongeza pendekezo: kwa kuwa lile moja ndilo linaonekana tofauti, tuyafunike na mengine matano, yawe sita meupe yanayofanana, nami sitaiona tofauti tena. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila meno matano hayo yalikuwa mazima, yenye doa lakini mazima, na alichokuwa akipendekeza ni kuyasaga yote kuwa visiki ili yafanane na kosa.

Kuna watu waliofanya hivyo na wanafurahi, na siwahukumu. Msichana wa kiganja angekubali kabla sentensi haijaisha. Mimi nilisema hapana. Tukaelewana, bila kupandisha sauti, kwamba atanirudishia nusu ya fedha na kunipa picha zangu za eksirei pamoja na karatasi aliyoiandikia maabara. Ndugu zangu walitaka niende Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ndilo husajili madaktari wa meno wa Tanzania Bara na hupokea malalamiko dhidi yao. Ningekwenda kama angekataa kuliangalia jino, au angeniibia, au angeficha faili. Mtu aliyekiri kosa la ukingo na kutoa nusu ya fedha mezani sikuona namshitakia nini. Ile karatasi ya maabara ilikuwa na mstari mmoja: namba ya jino, porseleni juu ya chuma, A1. Hapakuwa na picha, mchoro wala neno lolote kuhusu jirani za jino hilo. Fundi wa maabara, ambaye hakuwahi kuniona, alikuwa ametengeneza kwa uaminifu kile alichoandikiwa.

Daktari wa pili ni mama mtu mzima, naye kwanza hakuniambia nifungue mdomo, aliniambia niongee. Aliketi kiti cha kawaida mbele yangu, magoti yetu yakikaribiana, akanitaka nimfundishe somo lolote. Nikamfundisha matumizi ya florini. Alikuwa akitazama mahali ambapo ncha za meno yangu ya juu zilikuwa zikitua kwenye mdomo wa chini, na somo lilipofika nusu alikuwa amekwisha kuandika kwamba krauni imezidi urefu. Picha ya eksirei ilionyesha mzizi uko salama, na ukingo wa krauni umetokeza nje kama upindo wa kofia ya kweli.

Kukata kulichukua kama dakika 20. Alichimba mfereji mwembamba kutoka kwenye ufizi hadi ncha ya jino, vumbi jeupe la porseleni kwanza, kisha mlio ukabadilika ulipofika kwenye chuma, ukawa mkali wa kukereketa fuvu. Akaingiza kifaa bapa katika mfereji ule, akakizungusha kidogo, pakasikika "tak", na krauni ikafunguka kama ganda la korosho. Upande mmoja wa kisiki simenti ilikuwa imeoshwa na mate na jino limeanza kulainika. Alinionyesha kwenye kioo kikubwa cha mkononi. "Ungelizoea," akasema, "mpaka lingevunjika."

Kwa wiki tano nilivaa krauni ya muda ya plastiki, yenye umbo la kawaida na rangi ya kawaida, ili ufizi upone kabla ya vipimo vipya. Damu ilikoma ndani ya siku kumi. Kati ya yote niliyoyapitia, hizo wiki tano ndizo zilizonifundisha zaidi, kwa kuwa plastiki hupunguzwa na kuongezwa kwa dakika moja. Tulijaribu urefu mara tatu mpaka "florini" ikatoka safi.

Rangi tuliichagua saa nne asubuhi, karibu na dirisha, kabla ya ganzi na kabla ya pamba, nikiwa nimefuta rangi ya mdomo. Daktari alipiga picha meno yangu na vijino vya kipimo vikiwa kando yake katika fremu moja, akapiga na kisiki chenyewe, kwa sababu kisiki cha jino lililotibiwa mzizi mara nyingi huwa na giza, na aina za porseleni zinazopitisha mwanga sana huliacha giza hilo lionekane. Akachagua zirkonia, aina ya kauri ngumu isiyo na chuma cha kijivu, iliyopakwa porseleni juu yake. Kisha akafanya ambalo sikulitarajia: akanituma maabara nikakutane na fundi ana kwa ana.

Ni chumba kidogo chenye feni na tanuru lisilozidi ukubwa wa jiko la mkate. Fundi alikuwa kijana mwenye miwani ya kukuzia, akichanganya unga wa porseleni na maji juu ya kigae na kuujenga kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, jino likiwa kubwa kuliko litakavyokuwa kwa sababu unga huo husinyaa ukichomwa. Alinisimamisha mlangoni juani, akatazama jino jirani, la kushoto, kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kulitazama. Aliiona mistari ya chaki, akahesabu: mitatu. Akaona na doa la kahawia, lenye ukubwa wa punje ya ulezi, karibu na ncha.

"Mwalimu," akaniuliza, "na hili doa nilipake?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekubali rangi ya manjano na mistari ya chaki, lakini doa ndilo alilolitaja konda, na kulipia shilingi 650,000 ili kuwekewa doa ni jambo ambalo halikai kirahisi kichwani. Fundi hakunisukuma. Alisema tu kwamba akiliacha, jicho litakwenda moja kwa moja mahali lilipokosekana. Nikasimama pale mlangoni mpaka lori la kokoto likapita na vumbi lake likatulia.

"Lipake," nikamwambia. "Ila lisikolee kama lile."

Safari hii krauni iliwekwa kwa simenti ya muda, niende nayo nyumbani wiki mbili na nirudi na neno langu. Nimelitazama juani, kwenye kioo cha gari, kwenye picha za harusi ya binamu yangu. Uzi unaingia mzima na kutoka mzima. Mchana mkali naona kivuli chembamba cha kijivu upande wa ndani, ambacho mume wangu anasema hakipo, na ambacho nimekiandika upande wa kulia wa daftari ili nimwonyeshe daktari Alhamisi kabla hajakoroga chochote.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Alikuwa jikoni, sufuria ya makande motoni, kijiwe cha magadi kimewekwa kwenye kifuniko. Nilimwamkia, nikacheka kusudi, nikabaki nimecheka muda mrefu kuliko kawaida ya mtu mwenye akili timamu. Mama alinitazama, akachota harage moja kwa mwiko, akalipuliza, akanisogezea.

"Hebu onja," akasema. "Yameiva?"

Nikaling'ata kwa meno ya mbele. Yalikuwa bado.